Kuunda Msaidizi wa Sauti wa Kiswahili: Mwongozo Kamili kwa Kampuni Changa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi kidogo cha watu wanaotaka kuanzisha kampuni ya kuunda msaidizi wa sauti, yaani programu ambayo mtu huzungumza nayo kwa Kiswahili chake cha kila siku, nayo ikamjibu kwa Kiswahili, bila yeye kulazimika kusoma wala kubonyeza chochote. Chombo cha namna hii kina sehemu nne: inayogeuza sauti kuwa maandishi, inayotambua mtu anataka nini, inayotafuta jibu katika kumbukumbu, na inayolitamka jibu hilo. Sehemu zote nne leo zinapatikana zikiwa nusu tayari. Kisichopatikana popote ni sauti za watu watakaokitumia chombo chenyewe, na kwa sababu hiyo kurasa nyingi hapa chini zinahusu kuwasikiliza watu.

Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika nyanda za juu, ambao wanachama wake hupeleka maziwa kituoni asubuhi na jioni, huandikiwa lita zao daftarini, na hulipwa mwisho wa mwezi baada ya kukatwa gharama za chakula cha mifugo na dawa.

Hatua ya kwanza: chagueni kazi moja

Siri, msaidizi wa sauti wa simu za Apple, kabla haijawa mali ya kampuni hiyo ilikuwa programu ya kampuni changa iliyoanzishwa mwaka 2007 kutokana na utafiti wa taasisi ya SRI International huko California. Ilipotolewa Februari 2010 ilijikita katika kazi chache zinazoeleweka, kama vile kutafuta meza mgahawani na kuita teksi. Miezi miwili baadaye Apple iliinunua. Kampuni yenu haina sababu ya kuanza kwa upana zaidi ya huo.

Kazi huchaguliwa kwa kukaa kando ya mtu anayeifanya sasa. Katika mfano wetu mtu huyo ni karani wa ushirika. Kaeni naye wiki nzima, muandike kila swali analoulizwa, neno kwa neno, bila kulisafisha: "Maziwa yangu ya jana jioni yameandikwa?" "Mbona nimekatwa pesa nyingi hivi?" "Malipo yanaingia lini?" Mwisho wa wiki mtaona kwamba maswali matatu au manne yanajirudia siku nzima. Hayo ndiyo yatakayojibiwa na msaidizi wenu katika mwaka wa kwanza, na mengine yote yapelekwe kwa karani.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, fanyeni jaribio la mtu nyuma ya pazia: wafugaji wapige namba maalumu, na mmoja wenu ajibu kana kwamba yeye ni mashine, akitumia sentensi zilizokwisha kuandikwa tu na si nyingine. Waambieni wapigaji mapema kwamba hili ni jaribio. Kwa siku tatu mtajua ni wapi sentensi zenu hazitoshi, na mtajifunza hayo kwa gharama ya muda wa maongezi peke yake.

Hatua ya pili: amueni sauti itapita njia gani

Uamuzi huu huonekana mdogo, lakini ndio unaoharibu kazi za wengi. Wafugaji wengi watatumia simu ya kawaida ya vitufe. Njia ya kawaida ya simu huchukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, yaani huipima sauti mara 8,000, na kupitisha masafa ya takriban 300 hadi 3,400 Hz, ilhali modeli nyingi za kutambua usemi, yaani programu zilizojifunza kutoka kwenye rekodi jinsi ya kugeuza sauti kuwa maandishi, zimefunzwa kwa sauti ya sampuli 16,000. Sauti kama /s/, /f/ na /sh/ zina nguvu yake kubwa juu ya masafa hayo, kwa hiyo simu huzikata kichwa. Kuigeuza rekodi ya 8,000 kuwa ya 16,000 ni lazima ili modeli iipokee, lakini kilichopotea njiani hakirudi.

Maana yake ni kwamba rekodi mlizochukua ofisini kwa maikrofoni nzuri hazitawaambia ukweli wa kazi yenu. Kusanyeni sauti kupitia simu, katika mazingira ambamo itapigwa: zizini, barabarani, kwenye foleni ya kituo cha maziwa huku madebe yakigongana.

Lipo pia suala la nani analipia simu. Mfugaji mwenye salio la shilingi kumi hatapiga, ila atabipu. Basi upokeeni huo utaratibu kama ulivyo: mfumo usipokee simu inayoingia, bali uikate na kumpigia mwenyewe baada ya sekunde chache. Gharama hiyo iingizwe katika bei mtakayoitoza ofisi ya ushirika.

Hatua ya tatu: kusanyeni sauti kwa ridhaa

Anzieni kwenye hazina iliyo wazi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao watu wa kawaida huuchangia kwa kusoma sentensi na kukagua rekodi za wenzao, una mkusanyo wa Kiswahili unaotolewa kwa leseni ya CC0, hivyo hata kampuni ya biashara inaruhusiwa kuutumia. Hata hivyo, kusoma sentensi iliyoandikwa si kuzungumza. Mtu anayesoma hasiti, hajirekebishi, wala hasemi "eeh, ngoja kwanza, ile ya juzi." Huo ndio usemi mtakaoupokea, na huo mtautafuta wenyewe.

Kwa awamu ya kwanza lengeni saa kumi za rekodi, mkizipata kwa watu 200 wanaozungumza dakika tatu kila mmoja. Saa kumi za watu watano hazina thamani hiyo, kwa kuwa modeli itawazoea watano hao na kuwakosea wengine wote. Hakikisheni wamo wazee, akina mama, vijana, na watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili au ya tatu. Kuna watakaosema "rita" badala ya "lita," kuna watakaosema "selasini" badala ya "thelathini," na kuna watakaosema "apana." Hao si wakosaji wa kurekebishwa. Ni wateja wenu, na modeli isiyowasikia ndiyo yenye kosa.

Msiwape watu karatasi ya kusoma. Wapeni hali: "Jana jioni ulipeleka maziwa, lakini hujui yaliandikwa lita ngapi. Uliza." Kisha nyamazeni.

Ridhaa ni sharti la kisheria na la utu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inautaja utambuzi wa sauti miongoni mwa mambo yanayoingia katika data za kibayometriki, yaani zinazomtambulisha mtu kwa maumbile yake, na wasimamizi wake ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikisimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ulizeni mapema katika ofisi husika kuhusu kusajiliwa, maana kampuni inayokusanya sauti za watu haiwezi kusubiri ikue kwanza ndipo ijisajili.

Mwaka 2019 ilifahamika kwamba wafanyakazi na wakandarasi wa kampuni kubwa, zikiwemo Amazon na Apple, walikuwa wakisikiliza baadhi ya rekodi za watumiaji ili kuboresha wasaidizi wao, jambo ambalo watumiaji wengi hawakulijua. Apple iliomba radhi mwezi Agosti mwaka huohuo. Nyinyi pia mtahitaji kusikiliza rekodi, hivyo lisemeni wazi mwanzoni mwa simu, kwa sentensi moja inayoeleweka: "Maongezi haya yanarekodiwa, na mtu wa kampuni anaweza kuyasikiliza ili kuboresha huduma. Ukikataa, sema 'sitaki', na utaendelea kuhudumiwa." Na anayekataa kweli aendelee kuhudumiwa.

Hatua ya nne: andikeni kilichosemwa, kwa kanuni moja

Kunukuu saa moja ya maongezi huchukua saa kadhaa za kazi. Mkikadiria saa tano kwa kila saa moja, rekodi zenu za kwanza zinahitaji saa 50, na kazi hii isipewe mtu asiyekijua Kiswahili cha eneo lile. Kabla ya kuanza, andikeni kanuni katika ukurasa mmoja: je, "selasini" iandikwe ilivyotamkwa au iandikwe "thelathini"? Ushauri wangu ni iandikwe "thelathini," kwa sababu modeli inapaswa kujifunza kwamba matamshi yote mawili yanafika kwenye neno moja. Maneno ya Kiingereza na ya mtaani yaandikwe jinsi yanavyotumika, kwa tahajia moja isiyobadilika.

Namba ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kuliko kitu kingine chochote. Ziandikwe kwa maneno kwanza, zigeuzwe kuwa tarakimu baadaye. "Elfu ishirini na tano" kwa mujibu wa maneno yenyewe inaweza kuwa 25,000 au 20,005. Katika mazungumzo ya fedha karibu kila mara ni 25,000, lakini mfumo hauwezi kuachiwa ukisie, kwa hiyo kiasi cha fedha kirudiwe kwa msemaji kabla hakijatumika. "Laki mbili na nusu" ni 250,000, si shilingi 200,000 na senti hamsini. Mtanzania akisema "buku" ana maana ya shilingi 1,000, na "jero" ni 500, wakati Mkenya kwa 1,000 anaweza kusema "thao."

Nimewahi kuirudia rekodi moja ya simu mara nyingi nisiweze kuamua kama mama aliyekuwa akizungumza alisema "kumi na nne" au "kumi na nane." Upepo ulikuwa ukivuma, na irabu ile moja iliyo kati ya maneno hayo mawili ilikuwa imemezwa. Ikiwa sikio la mtu linashindwa, modeli isilazimishwe kujua. Tofauti ya lita nne kila siku kwa mwezi mzima ni lita 120, na hizo ni ada ya mtoto.

Hatua ya tano: chukueni modeli iliyopo, muifunze upya

Kampuni changa haina haja ya kufunza modeli ya kutambua usemi kuanzia sifuri. Whisper, iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti za lugha nyingi, ingawa Kiswahili kilipata sehemu ndogo mno ya hizo, na leseni yake ya MIT inaruhusu biashara. Meta nayo ilitoa MMS mwaka 2023, yenye kutambua usemi wa lugha zaidi ya 1,100 na kufunzwa kwa kiasi kikubwa kwa rekodi za usomaji wa maandiko ya dini. Modeli hizo za MMS, hata hivyo, zilitolewa kwa leseni inayokataza matumizi ya kibiashara. Someni leseni kabla ya kupakua. Kujenga miezi sita juu ya msingi usioruhusiwa kuuza ni hasara isiyofidika.

Gaweni rekodi zenu mafungu matatu, la kufunzia, la kurekebishia na la kupimia, na mgawanyo ufuate watu: sauti ya mtu mmoja isionekane katika mafungu mawili. Kosa hili la kuchanganya watu ni la kawaida sana, na matokeo yake ni alama nzuri ofisini na aibu kijijini. Fungu la kupimia lifungwe, lisiguswe tena kwa kufunzia hata mkiwa na njaa ya data.

Whisper husikiliza vipande vya sekunde 30, na ikipewa kimya au kelele tupu huweza kubuni maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Kwa hiyo tangulizeni programu ndogo ya kutambua kama kuna mtu anazungumza. Palipo kimya, modeli isiitwe kabisa.

Hatua ya sita: kuelewa maana

Hapa Kiswahili kina mahitaji yake. Kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati, ukanushi, mtendwa na kauli, hivyo silabi moja huweza kugeuza dai lote. "Nimetuma" na "nimetumiwa" ni watu wawili tofauti katika muamala mmoja. "Nimelipwa" na "sijalipwa" ni furaha na malalamiko. Mfumo unaotafuta neno kuu tu, yaani unaona "lip-" na kudhani umeelewa, utawajibu watu kinyume. Tengenezeni orodha ya vitenzi vya kazi yenu, pengine 15 tu, pamoja na maumbo yake ya kukubali, kukanusha na kutendwa, na mpime kila umbo peke yake.

Swali la ndiyo au hapana halina alama katika mpangilio wa maneno. "Yameandikwa" na "Yameandikwa?" hutofautiana kwa kiimbo, na maandishi yanayotoka kwenye modeli mara nyingi huwa yamekipoteza. Katika kazi nyembamba kama yetu suluhisho ni rahisi: mpigaji anayetaja maziwa ya jana achukuliwe kuwa anauliza, hadi aseme vinginevyo.

Saa zihesabiwe Kiswahili. "Saa mbili" ya asubuhi ni 8:00 kwenye seva na "saa mbili usiku" ni 20:00, na anayesema "saa mbili" bila zaidi lazima aulizwe, au jibu lipatikane katika muktadha wa zamu ya maziwa. Tarehe zina "mosi" na "pili" zake. "Usiku wa Jumatano" kwa wengine ni usiku wa kuamkia Jumatano, yaani Jumanne baada ya jua kuzama.

Kuhusu modeli kubwa za lugha, yaani programu zinazosoma na kutunga maandishi: zinafaa kutambua nia ya msemaji aliyezunguka sana kabla ya kufika, lakini zisiruhusiwe kutaja kiasi chochote kutoka kichwani mwao. Lita, shilingi na tarehe zitoke katika daftari la ushirika pekee, na programu ya kawaida ndiyo iziweke katika sentensi. Hili nalishikilia bila masharti.

Hatua ya saba: mwenendo wa mazungumzo

Watu wanapozungumza wao kwa wao, pengo kati ya swali na jibu huwa la takriban sehemu mbili za kumi za sekunde, na hali hiyo imeonekana katika lugha nyingi zilizochunguzwa. Mfumo wenu hautaifikia kasi hiyo. Lakini ukimya wa sekunde tatu kwenye simu humfanya mtu aseme "Haloo? Haloo?" na sauti hiyo ikaingia kwenye modeli kama swali jipya. Wekeni neno fupi la kushikilia nafasi, kwa mfano "Ngoja niangalie daftari," lililorekodiwa tayari na kuchezwa papo hapo huku jibu likitafutwa. Kinyume chake, msimkatize mzee anayesita. Subirini kidogo zaidi baada ya kauli zinazoishia na "na…" au "yaani…"

Salamu si pambo. Mpigaji ataanza na salamu, na msaidizi anayeruka moja kwa moja kwenye lita ataonekana hana adabu. Akisema "Shikamoo," ajibiwe "Marahaba." Mfumo wenyewe, kwa kuwa haujui umri wa anayepiga, uanze kwa "Habari za asubuhi" au "Habari za jioni," ambayo haimshushi mtu yeyote. Vilevile usimwite mtu "wewe" kwa kumrudiarudia. Nafsi iliyo ndani ya kitenzi yatosha.

Mfumo usipoelewa mara ya kwanza, uulize kwa namna nyingine: "Unauliza kuhusu maziwa, au kuhusu malipo?" Usipoelewa mara ya pili, umpeleke mpigaji kwa karani. Mara ya tatu isiwepo.

Hatua ya nane: sauti ya kujibu

Kwa sentensi zisizobadilika rekodini mtu halisi, mwenye lafudhi ambayo wafugaji wataiona ya kwao. Kwa namba mnaweza kuunganisha vipande, mradi mkumbuke upatanisho: "-moja," "-wili," "-tatu," "-nne," "-tano" na "-nane" hufuata ngeli, lakini "sita," "saba," "tisa" na "kumi" hazibadiliki. Hivyo mtahitaji "wawili" kwa ng'ombe na "mbili" kwa lita. Nusu isemwe "na nusu," kwani hakuna mfugaji anayesema "nukta tano."

Mkitaka sauti ya kompyuta kwa majibu yote, Kiswahili ni rafiki: tahajia yake inakaribiana sana na matamshi, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kununua sehemu hii kwa wengine hakuna aibu. Amazon iliinunua Ivona ya Poland, kampuni ya sauti za kompyuta, mwaka 2013, kabla msaidizi wake wa sauti, Alexa, hajatoka mwaka 2014.

Hatua ya tisa: pimeni kazi, kisha maneno

Kipimo cha kawaida ni kiwango cha makosa ya maneno: yaliyobadilishwa, yaliyodondoshwa na yaliyoongezwa hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Kwa Kiswahili kipimo hiki peke yake hupotosha. Mfugaji amesema "Sijalipwa pesa ya mwezi wa tatu," na modeli ikaandika "Nimelipwa pesa ya mwezi wa tatu." Kosa ni moja katika maneno sita, takriban asilimia 17, na maana imepinduka kabisa. Mwingine amesema "Naomba kujua maziwa yangu ya jana ni lita ngapi," ikaandikwa "Na omba kujuwa maziwa yangu ya jana lita ngapi." Hapo makosa ni manne katika maneno tisa, asilimia 44, na karani yeyote angejibu bila kusita.

Kwa hiyo pimeni kwanza: kati ya simu 100, ngapi zilimalizika kwa mpigaji kupata jibu sahihi bila kupelekwa kwa mtu? Na ngapi zilipata jibu lisilo sahihi? Namba hii ya pili ndiyo ya kuogopwa. Itoeni kwa makundi pia, wanawake na wanaume, wazee na vijana, maana wastani mzuri unaweza kuficha kundi zima lisilosikika.

Hatua ya kumi: ingieni kituoni

Anzeni na wafugaji 50 wa kituo kimoja, karani akiendelea na kazi yake kama kawaida. Malipo muelewane na ushirika kwa mwezi, si kwa kila simu, ili ofisi isiwe na sababu ya kuwazuia watu kupiga.

Kila Ijumaa mchana chagueni simu 20 zilizokwama, mzisikilize pamoja, karani akiwepo. Kwa kila moja andikeni imekwama wapi: kwenye kusikia, kuelewa, daftari au sauti ya kujibu. Kinachoonekana mara tatu ndicho kinachotengenezwa Jumatatu. Rekodi za walioridhia ziende kunukuliwa na kuongezwa katika fungu la kufunzia. Za waliosema "sitaki" zisiwepo mezani kabisa, na aliyebadili nia akapiga kuomba yake ifutwe, ifutwe siku hiyohiyo, kisha apigiwe aambiwe.